Glezi isiyong'aa na isiyouficha udongo mwekundu

Swali

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfinyanzi wa hapa Dodoma, nina tanuri dogo la umeme. Udongo wangu ni mwekundu, una chembechembe za mika zinazometameta. Nauchimba upande wa Hombolo na nauchoma hadi nyuzi 1,050 hivi. Hoteli moja imeniagiza vikombe na mabakuli. Mwenye hoteli anataka rangi ya udongo wenyewe, pasipo mng'ao. Glezi angavu niliyonunua (ule mpako wa kioo usio na rangi) inameremeta mno na inaufanya udongo uwe kahawia iliyokoza. Ile ya mati, yaani isiyong'aa, niliyoletewa kutoka Dar inafunika kila kitu kwa weupe. Je, ipo glezi isiyong'aa inayouacha udongo uonekane?"

Jibu

Marahaba, mwanangu. Ipo, ila usiendelee kuitafuta kwenye makopo yaliyoandikwa mati. Utaitengeneza kutokana na hiyo hiyo glezi angavu uliyo nayo, na nusu ya kazi itakuwa kujua uipake unene gani. Kabla ya hapo kuna jambo la kumalizana na mwenye hoteli.

Chukua kipande kilichotoka mchomo wa kwanza, kabla ya kupakwa glezi, chovya kidole kwenye maji, kipitishe juu yake. Pale palipolowa ndiyo rangi utakayoipata chini ya glezi, hata iwe nzuri namna gani. Udongo mkavu unaonekana mpauko kwa sababu uso wake umejaa vitundu na punje zinazoutawanya mwanga kabla haujazama. Maji yakivijaza vile vitundu, mwanga unaingia zaidi na kurudi umebeba rangi ya chuma iliyomo. Glezi inafanya kazi hiyo hiyo, tofauti ni kwamba haikauki ikaondoka. Kwa hiyo kukoza kulikokusumbua si ubovu wa glezi uliyonunua. Glezi isiyong'aa itapunguza ukozaji huo kidogo, haitaufuta. Mpelekee mteja vipande viwili, kikavu na kilicholowa, aseme anachokitaka ni kipi. Akichagua kikavu, upande wa nje wa vyombo vyake hautahitaji glezi kabisa, na hilo nitalifikia.

Tuseme amechagua kilicholowa, ila bila mng'ao. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu glezi inaweza kukosa mng'ao kwa njia mbili zisizofanana. Inaweza kuwa na ukungu ndani ya mwili wake wote, au inaweza kuwa safi ndani ikaparara usoni tu. Unakijua kile kioo cha dirisha la bafu kilichopigwa mchanga: ukikilaza juu ya gazeti, herufi zinasomeka, ukikiinua sentimita chache, hazisomeki tena. Unachokitafuta ni hicho kioo kikiwa kimelala juu ya gazeti. Mpararo uwe usoni, na uso uwe karibu sana na udongo. Unene ukizidi hata kidogo, mika yako haionekani tena.

Glezi uliyoletewa kutoka Dar nina hakika kubwa kwamba imetiwa zirkoni au oksidi ya bati. Hivyo ni vifunika. Kazi yake ni kuficha, na hakuna upakaji wala uchomaji utakaokuonyesha udongo chini yake. Iuze, au itumie kwa oda nyingine.

Aina nyingine ya kutong'aa inatokana na fuwele ndogondogo zinazoota glezi inapopoa. Kalsiamu, magnesi, zinki na bariamu zikizidi kwenye mchanganyiko ndizo zinazozizaa. Za kalsiamu zinapitisha mwanga kiasi. Za magnesi zina uso laini unaopendeza kushika, lakini zinafunika na zinaifanya rangi ya chuma ipooze. Zinki inaichafua. Bariamu ni sumu, na kwa bakuli la kulia chakula sitakushauri hata uiingize kwenye chumba chako cha kazi. Zaidi ya hayo, fuwele zinahitaji muda wa kuota, na tanuri dogo la umeme linapoa haraka, kwa hiyo glezi ya aina hii inaweza kutoka na mng'ao leo na bila mng'ao wiki ijayo, kutegemea ulilijaza vipi. Kwa oda ya hoteli hilo ni balaa.

Inabaki njia ya alumina, na hii ndiyo ninayokupendekezea.

Glezi ni kioo. Silika ndiyo inayotengeneza kioo, viyeyushi vinaishusha nyuzi zake za kuyeyuka, na alumina inakikaza kisitiririke. Alumina ikiongezeka kulinganisha na silika, glezi ikiyeyuka inakuwa nzito, haijitandazi ikawa sawa kabisa, na uso wake unabaki na mawimbi madogo yasiyoonekana kwa macho. Hayo ndiyo yanayoua mng'ao. Mwaka 1912 Mmarekani R. T. Stull alichora ramani ya glezi za kaure za moto mkali akabadilisha viwango hivyo viwili tu, na hadi leo wafinyanzi wanaitumia: silika ikizidi alumina mara 8 au zaidi kwa hesabu ya molekuli, tegemea mng'ao, ikishuka kufikia mara 5, tegemea uso usiong'aa. Glezi yako ya nyuzi 1,050 ina boroni ndani yake, kiyeyushi cha moto mdogo, kwa hiyo namba hizo zitasogea, ila mwelekeo ni ule ule.

Alumina utaipata kwenye kaolini, ule udongo mweupe. Ile ya Pugu, Kisarawe, inatosha kabisa. Usiiweke mbichi yote. Kaolini mbichi inasinyaa inapokauka, na ikizidi glezi inapasuka juu ya chombo kabla ya moto, halafu ndani ya tanuri inajikunja na kuacha madoa ya udongo mtupu. Ijaze kwenye bakuli lisilo na glezi, uichome hadi nyuzi 750 pamoja na vitu vyako vingine, na uitumie hiyo. Itapoteza takriban asilimia 14 ya uzito wake, ambayo ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, kwa hiyo gramu 86 za iliyochomwa ni sawa na 100 za mbichi.

Sasa majaribio. Pima gramu 100 za glezi yako angavu ikiwa kavu, mara sita. Ya kwanza iache ilivyo. Nyingine ongeza kaolini iliyochomwa gramu 5, 10, 15, 20 na 25. Koroga na maji, chuja kwenye chujio la matundu madogo kabisa utakalolipata. Vigae vya majaribio vitengeneze kwa udongo wako mwenyewe wenye mika, vikiwa na umbo linaloviwezesha kusimama wima ndani ya tanuri, na uvichore mistari kwa kijiti, maana glezi hufanya jambo tofauti kwenye bonde la mstari na kwenye ukingo wake. Kila kigae kichovye mara moja, kisha nusu ya juu ichovye tena. Chini acha sehemu tupu ya kulinganishia.

Vikitoka, vipange kwa mfuatano dirishani. Vya mwanzo vitang'aa. Mahali fulani katikati mng'ao utavunjika, uso utakuwa wa hariri. Vya mwisho vitakuwa vikavu, vinakwaruza kucha, na udongo utaanza kufifia chini ya ukungu. Unachokitaka kiko hatua moja tu baada ya mng'ao kuvunjika, na kwa kawaida kwenye ile nusu iliyochovywa mara moja. Hatua kati ya viwili vinavyokuvutia zigawanye tena kwa gramu 1 au 2. Usishawishike kwenda mbali zaidi kwa sababu kigae kikavu kinapendeza kwenye picha. Bakuli la namna hiyo kijiko kitaliachia alama za kijivu siku ya kwanza, na mchuzi wa nyanya utaingia usitoke.

Kuna mtego. Glezi ambayo haijaiva nayo haing'ai. Ili usidanganyike, kigae ulichokichagua kichome tena pamoja na kingine kipya, nyuzi 20 hadi 30 juu zaidi, ukihakikisha udongo wako unazivumilia. Kama kimegeuka kuwa cha kung'aa, kile cha kwanza kilikuwa kibichi na kaolini bado haijatosha. Kama kimebaki vile vile au kimelainika kidogo tu, endelea nacho.

Unene upime, usiukisie. Jaza chombo cha mililita 100 kwa glezi iliyokorogwa vizuri, pima uzito wake bila chombo. Glezi nyingi za kuchovya zinafika gramu 145 hivi. Wewe anza na 130 hadi 135, chovya kwa sekunde moja au mbili, halafu kwaruza kwa sindano uone tabaka lililoshika. Lisifike nusu milimita. Glezi nyepesi hivyo hutuama haraka chini ya ndoo, lakini hapa Dodoma tunayo dawa yake: ule udongo mweusi wa mbugani unaotushindilia viatu masika una chembe zile zile zinazovimba zilizomo kwenye bentonaiti, udongo ambao wafinyanzi hutia kwenye glezi isituame. Ulowanishe, uchuje vizuri, tia gramu 2 za kavu kwa kila 100 za glezi, na itaelea bila kutuama. Chuma kilichomo hakitakudhuru juu ya udongo mwekundu. Usizidishe, maana unasinyaa vibaya mno unapokauka.

Hata hivyo, inawezekana ukafuata yote haya ukapata ukungu bado. Basi usianze kuilaumu glezi. Tazama chombo kibichi kilichokauka kabla ya moto: je, kingo na vishikio vina weupe mwembamba unaofutika kwa kidole na kurudi? Hiyo ni chumvi. Inayeyuka kwenye maji ya udongo, inasafiri nayo, na inabaki pale maji yanapotokea kwa wingi, yaani kwenye kingo zinazopigwa na upepo. Kanda yetu ni kavu na upepo wa kiangazi unajulikana, maji ya visima vingi yana chumvi, na kwa upande wa Itigi kuna jasi inayochimbwa, ambayo nayo ni chumvi, kwa hiyo udongo wenye chumvi za aina hii si jambo la kushangaza. Chini ya glezi nene nyeupe hutaiona kamwe; chini ya hii unayoitaka itajianika. Wapo wanaoiua kwa kutia bariamu kaboneti kidogo kwenye udongo, na msimamo wangu juu ya bariamu umeshausikia. Loweka udongo kwa maji ya mvua, uache utuame, mwaga maji ya juu, rudia. Kausha vyombo polepole chini ya nailoni ili maji yatoke kote kwa usawa. Ikishindikana, badili shimo la kuchimbia.

Chanzo kingine cha ukungu ni viputo. Udongo mwekundu unatoa gesi nyingi unapoungua, kutoka mizizi, kutoka kaboneti na salfa zilizomo, na kama haikuisha kwenye mchomo wa kwanza itatokea chini ya glezi iliyoanza kuyeyuka na kunaswa humo. Fanya mchomo wa kwanza uwe mkali kuliko wa pili: nyuzi 1,060 kwanza, kisha 1,040 kwa glezi, ukiwa umeihakiki kwa koni, vile vipande vidogo vinavyopinda moto unapofikia kiasi chake. Kati ya nyuzi 700 na 900 panda polepole, matundu ya tanuri yakiwa wazi. Faida ya pili ni kwamba udongo uliochomwa hivyo haunyonyi sana, kwa hiyo glezi inashika nyembamba yenyewe. (Umeme ukikatika katikati usiende kwa namba za kioo cha tanuri ukiliwasha tena. Koni ndiyo inayojua udongo umepata moto kiasi gani.)

Na la mwisho upande huo: baadhi ya glezi za moto mdogo zina boroni nyingi pamoja na kalsiamu, na mchanganyiko huo hutoa mawingu ya buluu-maziwa juu ya udongo wa giza. Kama kigae chako cha kwanza, kile kisicho na kaolini, kina wingu hilo hata kilipopakwa kwa wembamba, kaolini itasaidia kidogo, lakini suluhisho ni kununua glezi angavu ya aina nyingine.

Huenda utaambiwa utumie majivu, hasa ya matawi ya mizabibu, kwa kuwa Dodoma tunayo tele baada ya kupogoa. Ni wazo zuri kwa mtu anayechoma nyuzi 1,250 na kuendelea, kwa sababu majivu ya miti yana kalsiamu nyingi. Kwa moto wako hayatayeyuka yenyewe, yatabaki vumbi lililogandamana. Vivyo hivyo siku ukipata udongo mweupe wa moto mkali, jaribu mfululizo huu: feldispa 40, unga wa kalsiamu kaboneti 20, halafu kaolini 10 na silika 30, ukihamisha 5 kutoka silika kwenda kaolini kila hatua. Ya kwanza ni glezi angavu ya kawaida. Ukifika kaolini 25 na silika 15 uwiano wa Stull unakuwa karibu na 5, na mng'ao unakuwa umekwisha. Ule udongo wako mwekundu usiupeleke huko, utavimba na kumwagika kwenye rafu. Ukitaka kujua kwa uhakika udongo wowote una nini ndani yake, maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, iko hapo hapo mjini. Peleka sampuli, ulipie kipimo.

Turudi kwa yule mteja anayetaka rangi kavu. Kwa nje ya vikombe mpe sigilata, ambayo si glezi bali ni maji ya udongo laini kuliko wote. Kina mama wafinyanzi wanaosugua vyungu kwa kokoto laini mpaka viteleze wanafanya jambo la ukoo huo huo. Chukua udongo wako mwekundu mkavu kilo 1 na maji ya mvua lita 2 au zaidi kidogo. Yeyusha gramu 4 au 5 za magadi soda (soda ash, si kostiki) kwenye maji ya moto kwanza, kisha changanya vyote. Usitumie maji ya kisima: kalsiamu iliyomo inazishikanisha chembe za udongo na kazi yote inaharibika. Acha kwenye chombo cha kuonyesha ndani, bila kukigusa, mpaka kesho yake saa kama hiyo. Utaona matabaka: mashapo mazito chini, udongo laini katikati, pengine maji juu. Nyonya tabaka la katikati kwa mpira mwembamba, mashapo yatupe. Mililita 100 za sigilata nzuri zina gramu 115 hivi. Ikiwa nyepesi, acha maji yapungue kwa kuachwa wazi.

Ipake kwa brashi laini juu ya chombo kibichi kilichokauka kabisa, tabaka mbili tatu, na usugue kwa kitambaa laini au mfuko wa nailoni uliouvutia kidoleni kabla haijakauka kabisa. Utapata uso wa hariri ambao ni udongo mtupu. Ukichoma kupita 1,060 mng'ao wake hafifu unapotea, ambao kwako si hasara kubwa. Usitumie udongo wa mbugani hapa, utabanduka vipande vipande.

Sigilata haizuii maji. Ndani ya kikombe lazima kuwe na glezi, na hapo nakusihi uache ubishi na mteja: ndani weka glezi angavu yenye mng'ao, nje weka isiyong'aa au sigilata. Udongo wa nyuzi 1,050 bado unanyonya maji, na glezi ya ndani ikipata nyufa nyembamba, chai itapenya hadi kwenye meza. Nyufa hizo zikitokea, ongeza silika kidogo kidogo kwenye glezi mpaka ziishe. Mabakuli ya saladi au karanga unaweza kuyapa glezi isiyong'aa pande zote, baada ya kipimo cha ndimu: kata kipande, kilaze juu ya glezi usiku kucha, asubuhi osha na uangalie. Pakibaki alama au pamebadilika rangi, glezi hiyo haifai kwa chakula. Kopo lolote lisilosema wazi kwamba halina risasi usilitumie kwa oda hii, hata ukipewa bure. Na unapopima silika na kaolini vaa barakoa inayobana, ufute meza kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Vumbi lile likiingia kwenye mapafu halitoki.

Kwa oda yenyewe, tengeneza kwanza vikombe viwili na mabakuli mawili kwa kila namna, umpe mwenye hoteli avitumie jikoni kwa wiki mbili, vioshwe na watu wake kwa sabuni yao na steelwire yao. Bei mpangie baada ya hapo, na andika kwenye makubaliano kwamba rangi itatofautiana kidogo kutoka mchomo hadi mchomo, kwa sababu udongo wa shimo la mwezi huu hautakuwa ule ule wa mwezi ujao.